Shapiro, Carlson au National Review: umsikilize nani ili uwaelewe wahafidhina wa Marekani?

Tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile aliyoapishwa, Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90 na kufunga mlango wa kupokea wakimbizi. Ilipofika tarehe 1 Julai, USAID ilikuwa imefungwa rasmi. Mwezi Juni Burundi iliwekewa vizuizi vya viza, na kuanzia Januari 2026 Tanzania nayo ikaongezwa kwenye orodha. Familia za Wakongo zilizokuwa kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, zikisubiri safari ya kwenda kuanza maisha mapya, zilibaki palepale.

Kwetu watu wengi walipigwa na butwaa. Ila aliyekuwa akiwafuatilia wachambuzi wa kihafidhina wa Marekani hakushangaa sana, kwa sababu hoja hizo zilikuwa zimesemwa hadharani kwa miaka, katika podikasti na video ambazo yeyote mwenye simu angeweza kuzifungua. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunakutana na siasa hizo kwa vipande vya sekunde 40 vinavyorushwa kwenye makundi ya WhatsApp, mtu mmoja anafoka, mwenzake anaduwaa, basi. Kipande hakikwambii hoja imetoka wapi wala inaelekea wapi.

Kwa hiyo nalinganisha milango mitatu: Ben Shapiro, Tucker Carlson, na jarida la National Review pamoja na jirani yake The Dispatch. Wengine nitawagusa njiani. Siulizi nani ana siasa nzuri, hilo ni lako. Nauliza ni nani atakayekufanya uelewe, na ni nani ukimtegemea peke yake utapotea.

Kwanza, jinsi walivyofika hapa

Mpaka mwaka 1987 vituo vya redio na televisheni Marekani vilibanwa na kanuni ya kutoa nafasi kwa pande zote katika mambo yenye ubishi. Ilipoondolewa, Rush Limbaugh akaanza mwaka 1988 kipindi cha redio cha nchi nzima, muda wa saa tatu kila siku ya kazi, mtu mmoja na kipaza sauti. Kituo cha televisheni cha Fox News kikafuata mwaka 1996. Leo Limbaugh ni marehemu, alifariki Februari 2021, lakini mtindo wake ndio umehamia mitandaoni: mtu mmoja, sauti yake, na wasikilizaji wanaomwona kama ndugu. Utafiti wa Pew wa mwaka 2024 ulikuta Mmarekani mmoja kati ya watano hupata habari mara kwa mara kutoka kwa watu wa namna hiyo, na kwa walio chini ya miaka 30 ni asilimia 37.

Jambo jingine la kuliweka akilini mapema. Msikilizaji wa Afrika Mashariki, awe Mkristo au Mwislamu, mara nyingi huvutwa na wahafidhina hawa kwa sababu ya familia na utoaji mimba, na hapo anajiona yuko nyumbani. Halafu anakutana na kodi, haki ya kumiliki bunduki, chuki dhidi ya serikali kubwa, na msimamo juu ya wahamiaji, naye anabaki ameduwaa. Hayo yote yako ndani ya kifurushi kimoja. Mchambuzi mzuri ni yule anayekuonyesha kifurushi chote badala ya kukuonjesha kipande unachokipenda.

Ben Shapiro: hoja zimepangwa, mpinzani hapewi nafasi

Shapiro ni mwanasheria aliyesomea Harvard, na mwaka 2015 alianzisha The Daily Wire, chombo cha habari cha mtandaoni, pamoja na Jeremy Boreing. Kipindi chake hutoka siku za kazi. Anachukua habari ya siku, anacheza sauti ya mwanasiasa fulani, anasimamisha, anajibu, anaendelea. Anaongea kwa kasi ya ajabu. Kama Kiingereza chako ni cha darasani, shusha kasi ya kusikiliza hadi 0.75 na hutapoteza kitu.

Nguvu yake ni kwamba anaanzia kwenye msingi. Akipinga mpango wa serikali, hakwambii tu ni mbaya. Atakwambia anaamini haki ya mtu inatoka wapi, serikali iliundwa kwa kazi gani, kwa hiyo mpango huu umevuka mpaka pale. Unaweza usikubaliane naye na bado ukatoka umeelewa ngazi kwa ngazi amefikaje huko. Kwa mwanafunzi wa sayansi ya siasa pale Dodoma au Makerere hilo ni jambo kubwa.

Udhaifu wake umekaa karibu na nguvu hiyo hiyo. Umaarufu wake ulikua kwa video za vyuoni akibishana na wanafunzi wa miaka 19 waliosimama kwenye foleni ya maikrofoni bila maandalizi. Hoja bora ya upande wa pili hutaisikia humo. Ukimsikiliza mwezi mzima bila kusoma kitu kingine, utaanza kuamini kwamba wapinzani wake wote hawajui kufikiri, na hilo si kweli. Jua pia kwamba yeye ni Myahudi mshika dini na mtetezi thabiti wa Israel. Habari za Gaza na Iran zichukue ukijua hivyo.

Je, huwakosoa watu wa kambi yake? Ndiyo, na wakati mwingine kwa gharama. Aliondoka Breitbart, tovuti ya habari ya kihafidhina, Machi 2016, akiona chombo hicho kimemtupa mwandishi wake wa kike ili kuilinda kampeni ya Trump. Hakumpigia Trump kura mwaka huo, ingawa alimuunga mkono 2020 na 2024. Trump alipotangaza ushuru kwa karibu kila nchi tarehe 2 Aprili 2025, Kenya na Tanzania zikipangiwa asilimia 10, Shapiro aliupinga waziwazi.

Tucker Carlson: anasikiliza upepo kabla haujafika

Carlson, mtangazaji wa televisheni, aliondoka Fox News Aprili 2023, siku chache baada ya kituo hicho kukubali kuilipa kampuni ya mashine za kupigia kura ya Dominion dola milioni 787.5 kwa sababu ya uongo uliorushwa kuhusu uchaguzi wa 2020. Akahamia X, kisha Desemba 2023 akafungua mtandao wake mwenyewe. Tangu hapo hana mhariri wala mwajiri.

Kazi yake bora ni mahojiano marefu. Nitaeleza moja kwa kina, kwa sababu linaonyesha kwa nini mtu huyu hapuuziki. Juni 2025, Israel na Iran zikipigana, na Washington ikijadili kama Marekani iingie, Carlson alikaa na Seneta Ted Cruz wa Texas. Wote wawili ni wahafidhina. Cruz alikuwa akitaka utawala wa Tehran uondoke. Carlson akamuuliza: Iran ina watu wangapi? Cruz akasema hajui. Carlson akashangaa: unataka kuiangusha nchi ambayo hujui hata idadi ya watu wake? Wakaanza kurushiana maneno.

Kisha likaja la Biblia. Cruz alisema alifundishwa tangu utotoni kwamba wanaoibariki Israel watabarikiwa. Carlson akamuuliza limeandikwa wapi, na seneta hakuwa na sura wala mstari mdomoni. Mkristo yeyote aliyelelewa Shule ya Jumapili hapa kwetu angemtajia Mwanzo 12:3 papo hapo. Lakini tazama kilichofuata: Carlson alihoji kama ahadi aliyopewa Ibrahimu ni sawa na serikali ya Benjamin Netanyahu. Kwa miongo kadhaa swali hilo liliulizwa kwa nadra sana hadharani kati ya Warepublican wenye majina. Baada ya dakika zile liliulizwa kila mahali, na ufa ule ndani ya kambi haujazibika. Trump mwenyewe alimkejeli Carlson siku hizo, na bado Carlson hakunyamaza.

Ndiyo maana nasema husikia upepo mapema. Kuchoshwa na vita vya mbali, kuinung'unikia misaada ya Ukraine, kuona kwamba wakubwa wa Washington wamewasahau watu wa miji midogo: aliyasema hayo yakiwa bado hayajawa sera.

Sasa upande wa pili, nao ni mzito. Katika kesi iliyoamuliwa mwaka 2020, Fox ikiwa imeshtakiwa kwa maneno ya Carlson, mawakili wa kituo walijitetea kwamba msikilizaji wa kawaida hayachukui maneno ya kipindi kile kama taarifa ya ukweli halisi, na jaji akakubali. Nyaraka za kesi ya Dominion zilionyesha kwamba Januari 2021 alimwandikia mwenzake kuwa anamchukia Trump kupindukia, huku watazamaji wake hawaambiwi hivyo; Julai 2024 akapanda jukwaa la mkutano mkuu wa Republican pale Milwaukee kumsifu. Na maswali makali aliyompa Cruz hakuyatoa Oktoba 2025 alipomkaribisha Nick Fuentes, kijana anayejulikana kwa chuki dhidi ya Wayahudi. Alimwachia aongee. Shapiro alimlaumu vikali, na Desemba wawili hao wakashambuliana kwenye jukwaa moja, usiku mmoja, mjini Phoenix, katika mkutano wa Turning Point USA, taasisi ya mwanaharakati wa kihafidhina Charlie Kirk aliyeuawa kwa risasi Septemba mwaka huo akiwa chuoni Utah.

Carlson msikilize ili ujue kambi inaelekea wapi. Usimnukuu kama chanzo cha takwimu au historia bila kwenda kuhakiki mwenyewe.

National Review na The Dispatch: waangalifu, ila wamebaki wachache

National Review lilianzishwa mwaka 1955 na William F. Buckley Jr., na kwa miaka mingi ndilo lililoamua nani ni mhafidhina na nani siye. Mapema 2016 lilitoa toleo maalumu la kumpinga Trump. Wapiga kura hawakulifuata. Tangu hapo limekaa na waandishi wa kila namna: wapo wanaomtetea rais, wapo wanaomkosoa kila wiki, na katika podikasti yao ya The Editors unawasikia wakibishana mezani bila kutukanana. Hilo si dogo. Katika siasa za mitandaoni za leo, watu wa kambi moja kutofautiana kwa adabu na kurudi tena wiki inayofuata ni nadra.

The Dispatch ni changa, ya mwaka 2019, chini ya Jonah Goldberg na Steve Hayes. Wawili hao walijiuzulu Fox News mwezi Novemba 2021 kwa sababu ya filamu ya Carlson iliyopotosha, kwa maoni yao, matukio ya uvamizi wa Bunge la Marekani wa tarehe 6 Januari 2021. Makala zao nyingi ni za kulipia, lakini podikasti ziko wazi, na moja nitaisifu bila kusita: Advisory Opinions, inayochambua Mahakama ya Juu.

Mfano uko hapa. Trump alitoa amri ya kuzuia uraia kwa watoto wanaozaliwa Marekani na wazazi wasio raia wala wakazi wa kudumu. Tarehe 27 Juni 2025 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi ya Trump dhidi ya CASA, kura 6 kwa 3. Mitandaoni, pande zote mbili, ilisambaa kwamba rais ameshinda na uraia huo umekufa. Uamuzi haukusema hivyo. Ulizungumzia tu kama jaji wa mahakama ya chini anaweza kuizuia sera nchi nzima. Suala la uraia lenyewe halikuguswa. Mama Mkenya mwenye viza ya masomo, mjamzito, anayeishi Minneapolis, alihitaji kuijua tofauti hiyo siku ile ile. Mtu kama huyo hapaswi kupata taarifa zake kwa mtu anayefoka.

Kasoro yao nayo niiseme bila kuificha. Hawawakilishi wapiga kura wengi wa Republican wa leo. Ukiwasoma hawa tu, kila uchaguzi utakushtua. Utajua kwa usahihi sheria inasemaje, ila hutajua fundi magari wa Ohio anafikiri nini, na yeye ndiye mwenye kura.

Tuwaweke kwenye suala moja linalotuhusu

Chukua UKIMWI. PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI katika nchi nyingine, ulianzishwa mwaka 2003 na Rais George W. Bush, Mrepublican na Mkristo mshika dini, na serikali ya Marekani imekuwa ikihesabu maisha milioni 25 yaliyookolewa. Ulikuwa fahari ya wahafidhina. Halafu mwaka 2023 Heritage Foundation, taasisi ya kihafidhina, ikadai fedha hizo zinapenyeza utoaji mimba, na Bunge likakwama. Badala ya kuurefusha miaka mitano kama kawaida likaja kuupa mwaka mmoja. Siku USAID inafungwa, Bush alitokea kwenye video ya kuwaaga wafanyakazi wake na kuutetea mpango ule.

Hapo unaona kambi tatu ndani ya chama kimoja. Kuna shule ya Bush: Marekani ina wajibu na pia faida katika kusaidia. Kuna wanaotaka fedha zilindwe zisiguse mambo wanayoyaona dhambi. Na kuna wa upepo mpya: dola ya mlipa kodi ibaki nyumbani, hata kama kazi inayofanywa nje ni njema. Shule ya kwanza utaikuta kwa The Dispatch. Ya tatu utaisikia kwa Carlson, na kwa sauti ya juu zaidi kwa Steve Bannon, mshauri wa zamani wa Trump, katika podikasti yake War Room. Mfanyakazi wa shirika la afya Kisumu au Mbeya anayewasikiliza wa kwanza tu atadhani fedha zitarudi kesho.

Na mtandao gani?

Kuhusu X nina wasiwasi mkubwa. Elon Musk aliinunua Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, na tangu 2023 watu wanalipwa kufuatana na jinsi machapisho yao yanavyovuta macho. Novemba 2025 X ilianza kuonyesha akaunti iko nchi gani, na kadhaa zilizojifanya za wazalendo wa Kimarekani, bendera na tai kwenye picha, zikakutwa ziko Nigeria, Bangladesh na Ulaya Mashariki. Unabishana na mtu ukidhani ni mkulima wa Texas, kumbe ni kijana anayetafuta riziki.

Kasi yenyewe ina madhara. Mwishoni mwa Januari 2025 Ikulu ya Marekani ilidai kwamba zilikuwa ziende dola milioni 50 za kununua kondomu za Gaza. Dai likazunguka X nzima. Tarehe 11 Februari mwandishi alimwambia Musk, akiwa ofisini kwa rais, kwamba huenda ni mkoa wa Gaza wa Msumbiji, kwenye mradi wa kuzuia virusi vya UKIMWI. Musk akajibu kwamba baadhi ya anayoyasema yatakuwa si sahihi na yanapaswa kusahihishwa. Wakati huo fedha zilishazuiwa wiki tatu.

Kwa msomaji aliye Tanzania, X ilizuiwa tangu Mei 2025, na aliye Uganda amezuiwa Facebook tangu Januari 2021, kwa hiyo YouTube na programu za podikasti ndiyo njia nyepesi. Kwa upande wa bando, chukua sauti: saa moja ya podikasti ni kama MB 60, wakati video ya muda huo huo inakula mara kadhaa zaidi, na kwa vipindi hivi picha haiongezi kitu. Truth Social, mtandao wa Trump mwenyewe, ifungue pale tu unapotaka kusoma maneno ya Trump yenyewe. Rumble, mtandao wa video, ina wengi waliofukuzwa YouTube. Anayeanza hana la kufuata huko.

Nitaulizwa kuhusu Candace Owens, maana ana mashabiki wengi Nairobi na Dar. Ana kipaji cha kusimulia, na kuona mwanamke Mweusi akisimama peke yake kunavutia. Lakini aliachana na The Daily Wire Machi 2024, na tangu hapo kipindi chake kimejaa njama. Julai 2025 Rais Macron wa Ufaransa na mkewe walimshtaki katika jimbo la Delaware kwa kuwakashifu, kwa sababu ya madai yake kwamba Bi Macron alizaliwa mwanamume. Simshauri mtu aanzie hapo.

Ningekuwa nakuchagulia, anayeanza namwambia The Editors ya National Review, kipindi kimoja kwa wiki, kwa miezi miwili kabla hajagusa kingine. Mchungaji au sheikh anayetaka kuelewa mjadala wa dini na dola atapata kingi kwa mahojiano ya Carlson, mradi ajibu maswali yake kwa kusoma mwenyewe. Mwanafunzi anayejifunza kujenga hoja aende kwa Shapiro, na kila wiki atafute makala moja ya mpinzani mwenye akili. Ndugu walioko Columbus, Dallas au Minneapolis, ambao amri ya rais inaweza kuwafikia mlangoni, waanze na Advisory Opinions, na kabla ya kusaini fomu yoyote wamwone mwanasheria wa uhamiaji mwenye leseni.